Toleo la Chini

Ewald alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita sitini na sita, viatu vikiwemo. Hayo ya viatu niliyaongeza mimi, miaka thelathini iliyopita, kwenye sherehe ya walenga shabaha ya kijiji chetu, na yakamganda. Hata padri alikuwa anayasema.

Mimi ni fundi wa kuezeka mapaa. Nimeanguka mara mbili, nimevunjika nyonga, nimeachwa na mke, na kampuni yangu ya kwanza ilikufa kabla sijamaliza kulipia ngazi. Mtu wa namna hiyo, akiishi Sauerland, huku Ujerumani, ambako mvua hainyeshi bali inakaa, ama anakuwa mlevi ama anakuwa mchokozi. Mimi nilichagua uchokozi, kwa sababu unaweza kuendesha pikipiki ukiwa nao.

Tulikuwa watatu. Norbert ana bucha na tumbo linaloitangaza bucha. Ewald alikuwa mpimaji wa ardhi wa wilaya, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Na mimi, Gisbert. Kila Juni tulikwenda milimani wiki moja, na pikipiki zetu za zamani zilikuwa zimechoka kuliko sisi. Novemba ile tukaamua kuagiza mpya, zote tatu pamoja, zile ndefu za safari ngumu ambazo mtu akizinunua hujiona anaelekea jangwani, hata kama anaelekea bucha ya Norbert.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda dukani, mke wa Ewald alinipigia simu.

"Gisbert, wewe anakusikiliza."

"Shemeji, afanyeje? Wengine wote maneno yao yanapita juu ya kichwa chake."

"Leo sicheki." Na kweli Mechthild hakuwa anacheka. "Unakumbuka kituo cha mafuta? Alisimama, akashusha mguu, mguu haukukuta kitu. Kifundo cha mkono kikavunjika. Na hapo alikuwa amesimama, Gisbert! Hakuwa hata anakwenda! Nimemruhusu anunue kwa sharti moja tu. Achukue toleo la chini. Miguu yote miwili ifike chini, nyayo nzima. Hakikisha."

"Nitahakikisha."

"Niahidi."

"Nakuahidi, shemeji."

Niliahidi kwa moyo mmoja. Hilo nalisema si kwa kujitetea. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi Norbert alileta mikate midogo iliyopakwa nyama mbichi ya kusaga na vitunguu juu yake, maana kwake hakuna shughuli ya maana inayofanywa tumbo likiwa tupu. Muuzaji, Bwana Kuhlmann, miwani ikiwa juu ya paji la uso, alituketisha mbele ya skrini kubwa ukutani. Pikipiki ilikuwa inazunguka pale polepole kama kuku kwenye oveni.

"Tuanze na toleo," akasema. "Halafu viziada."

Mimi na Norbert tulikuwa tumeshapatana tangu kiangazi. Toleo la milimani, rangi ya mchanga, rimu za spoki, masanduku ya alumini, na taa mbili za njano za ziada, chini kidogo ya taa kubwa. Tatu, zote sawasawa. Norbert alitaka picha ya kutundika buchani: pikipiki tatu pacha juu ya mlima.

Ewald yeye alikuwa amesimama pembeni, kwenye pikipiki ya maonyesho ya toleo la chini. Ilikuwa ya kijivu. Akapanda. Nyayo zote mbili zikalala sakafuni, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu. Ulitulia. Akaitikisa pikipiki kulia, akaitikisa kushoto, kama mtu anayempima ng'ombe wake mwenyewe.

"Hii ni nzuri," akasema.

"Mwekee Ewald ya chini," nikamwambia Kuhlmann. "Iwe kama zetu."

Kuhlmann akabonyeza. Kwenye skrini rimu za spoki zikafifia. Taa za njano zikafifia. Rangi ya mchanga nayo ikafifia.

"Mfumo haukubali," akasema. "Toleo la chini lina springi fupi. Zikibonyea, chuma cha kushikilia taa kinakaribia tairi la mbele. Kwa hiyo taa hazitoki nalo. Na rangi ya mchanga ni ya toleo la milimani peke yake."

"Basi mimi nichukue hii ya kijivu," Ewald akasema. "Bila taa. Si kitu."

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa hadithi. Tungetia sahihi, tungekunywa kahawa, tungekwenda zetu nyumbani. Lakini nilikuwa na mkate mkononi, watu watatu wa kunisikiliza, na kimya kidogo ambacho mchokozi hawezi kukiacha kipite bure.

"Bwana Kuhlmann," nikasema, "hiyo ya chini haina kikapu mbele? Mwekee na kengele. Tukifika Ufaransa tutamwagizia maziwa ya moto, na kiti kirefu cha mezani."

Norbert alicheka mpaka vitunguu vikaruka. Kuhlmann naye alicheka, kisha akajikohoza kwa heshima ya biashara. Ewald alicheka wa mwisho, na alicheka kwa sauti kuliko sisi wote. Miaka thelathini nilikuwa nakijua kicheko kile, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kinamgharimu nini.

Akashuka kwenye ile ya kijivu.

"Weka kama zao," akasema.

"Kuna kiti kilichopunguzwa," Kuhlmann akamwambia, sasa uso wake umerudi kuwa wa kazi. "Kinashusha sentimita mbili. Kwa kimo chako ningeshauri..."

"Nimesema kama zao."

Ahadi ya Mechthild ilikuwa imekaa kooni mwangu pamoja na ule mkate. Nikameza vyote viwili.

Nje, mvuani, Ewald alinivuta kando. "Mechthild atauliza."

"Hajui hata tangi liko wapi," nikasema. "Mwambie ni ya chini. Kwake zote ni ndefu."

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Ule uongo, basi, hakuutunga yeye. Nilimpa bure, kama kiziada.

Pikipiki zilifika Aprili. Mechthild alitoka nje na aproni yake, akaizunguka ile ya mumewe, akauliza, "Hii ndiyo ya chini?" Ewald akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa natazama presha ya matairi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Ewald alikwenda kwa fundi viatu akaongezewa soli. Hakutuambia, niliiona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikusema neno. Akajifunza kuchagua mahali pa kusimama kama bibi kizee anavyochagua kiti kanisani: kando ya ukingo wa barabara, upande wa mlima, kamwe si kwenye mteremko. Akiwa anakwenda, hakuna aliyemshinda. Shida yake ilikuwa kusimama.

Sasa, sisi tuna sheria moja barabarani, na kila kundi la waendesha pikipiki linayo. Hamsubiriani kwenye kona, hamsubiriani kwenye mteremko, kila mtu anakwenda mwendo wake. Lakini kwenye kila njia panda unasimama, unatazama kioo, na huondoki mpaka umemwona aliye nyuma yako. Unampungia, anakupungia, ndipo unaondoka. Kwa sheria hiyo hakuna anayepotea, hata mkiwa ishirini. Kila mtu anamchunga mmoja tu.

Siku ya nne ya safari ya Juni, upande wa Ufaransa, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka barabarani. Norbert alitangulia. Mimi kawaida nilikuwa wa mwisho, lakini Ewald akasema, "Leo nikae nyuma mimi. Kona za huku zinanichosha, sitaki kuwazibia njia."

"Huzibi njia, bwana. Tunapita juu yako," nikasema. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Tukashuka. Barabara nyembamba, kona zimekunjwa kama utumbo, upande mmoja mwamba na upande mwingine kaukuta kanakofika magotini. Chini kabisa kulikuwa na njia panda: kushoto kijijini, kulia bondeni. Nikasimama. Nikatazama kioo. Ukungu mtupu. Nikahesabu mpaka mia moja, nikaanza tena. Halafu zikatokea: taa kubwa moja juu, na taa mbili za njano chini yake. Rangi ya mchanga. Masanduku ya alumini. Nikainua mkono. Naye akainua mkono.

Nikaondoka kulia.

Kilomita kumi na nane mbele, mkahawani, Norbert alikuwa ameshaagiza kahawa tatu. Nikaegesha, nikavua glavu. Pikipiki ya nyuma ikaingia, ikasimama karibu na yangu, na yule mtu akashusha miguu miwili mirefu, nyayo nzima chini. Akavua kofia. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, ndevu nyekundu.

"Samahani," akasema kwa Kijerumani cha Kiholanzi, "choo ni cha wateja tu?"

Nilitazama barabara nyuma yake.

"Wewe ni nani?"

"Mimi? Joost." Akacheka kidogo. "Ulinipungia pale njia panda, nikakupungia. Nikasema, Mjerumani mwenye adabu."

"Umempita mtu? Pikipiki kama yako. Kama hizi."

Akaitazama yangu, akaitazama ya Norbert, akaitazama yake. "Sikuona mtu barabarani," akasema polepole. "Hakuna hata mmoja."

Norbert alikuwa tayari amevaa kofia, kahawa zikiwa zinafuka mezani. Tukarudi. Na kwa kuwa tulikuwa tumechanganyikiwa, tulianza kutafuta pale pasipo penyewe. Tulisema labda Ewald alikuwa nyuma ya Mholanzi, labda alipita njia panda, labda aliingia kijijini kutafuta mafuta. Tukapekua zile kilomita kumi na nane, kila mtaro. Tukapekua kijiji. Ndipo tukapanda mlimani, na mlimani kulikuwa na kona thelathini na moja.

Ilikuwa kona ya tisa kutoka juu. Hapakuwa na alama ya breki, hapakuwa na kioo kilichovunjika. Alikuwa amesimama. Labda alitaka kufuta maji kwenye kioo cha kofia, labda alisikia gari linapanda akataka kupisha. Alisimama mahali ambapo barabara imeinamia nje, akashusha mguu wa upande wa bonde, na mguu haukukuta kitu. Kilo mia mbili na sitini zikamfuata juu ya kaukuta.

Pikipiki ilinaswa na mti, mita chache chini ya barabara, karibu nzima. Ewald alikwenda mbali zaidi. Tulikuwa tumelipia kitufe cha kuita msaada, kila mmoja wetu. Lakini kitufe kiko kwenye usukani. Simu yake nayo ilikuwa kwenye usukani, kwenye kishikio kizuri cha mpira, kiziada nambari kumi na moja. Vyote vilikuwa vinaning'inia mtini juu yake, na yeye alikuwa chini, akivitazama au hakuvitazama, sijui.

Daktari aliyeshuka na helikopta alimweleza Norbert, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa barabarani. Alisema Ewald alikaa hai labda saa moja, labda na nusu. Mvunjiko wa paja, damu ndani. Akauliza ilikuwaje tukachelewa hivyo. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anajaza fomu.

Waswahili wa pwani, nimeambiwa na binti mmoja aliyeolewa kijijini kwetu, wana msemo kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilipousikia nilimwambia ni msemo wa kuchukiza. Ni msemo wa kuchukiza.

Tulimzika Julai. Norbert alilia kama ng'ombe. Mimi nilibeba jeneza upande wa kushoto, na watu wakanipiga begani wakisema nimempoteza ndugu. Mechthild hakuniuliza chochote siku ile, wala mwezi wa Agosti. Ila alisema jambo moja, akiwa anagawa keki baada ya mazishi, na alilisema mbele ya wote: "Angalau ilikuwa ya chini. Kama ingekuwa ile ndefu ningejilaumu maisha yangu yote kwa kumruhusu."

Nikakubali kipande cha keki.

Septemba akaniita. Pikipiki ilikuwa imerudishwa, imenyooshwa kioo na sanduku moja, ipo gereji.

"Nimeitangaza," akasema. Alikuwa mezani jikoni, miwani ya kusomea usoni, karatasi mbele yake. "Nilikopi kwenye ile karatasi ya duka. Viziada vyote. Njoo unisaidie kuionyesha, mimi sijui kuiwasha. Kuna mtu anakuja saa nne."

"Nani?"

"Muuguzi, anatoka Paderborn. Sauti nzuri. Anasema ametafuta mwaka mzima, ana mita moja na hamsini na tisa, kila anayoipanda inamtupa." Akatabasamu, na alikuwa hajatabasamu tangu Juni. "Alifurahi sana nilipoandika toleo la chini. Nikasema, angalau itamfaa mtu mfupi mwingine."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika ishirini.

"Liko wapi hilo neno kwenye karatasi ya duka?" nikauliza.

"Lipi?"

"La chini."

Akalitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. "Halipo. Wanaandika kwa herufi na namba, nani anaelewa. Lakini ni ya chini. Aliniambia. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Kidole kikasimama.

"Gisbert?"

"Si ya chini, shemeji. Ni ile ndefu."

Akavua miwani. Friji ilikuwa inanguruma.

"Alitaka ya chini," nikaendelea, kwa sababu ningenyamaza nisingeanza tena. "Aliipanda, akaipenda. Nikamcheka. Nilimcheka mbele ya Norbert na muuzaji, nikasema wamwekee kikapu na kengele. Akabadilisha. Halafu nikamwambia akudanganye. Maneno ya kukudanganya nilimpa mimi. Na kule milimani nilitakiwa kumsubiri. Nilimsubiri, nikaona taa kama zake, nikaondoka, haikuwa yeye. Taa hizo nazo nilizichagua mimi. Zingekuwa tofauti ningegeuka palepale."

"Ulikula keki," akasema.

"Ndiyo."

"Nilisema mbele ya watu angalau ilikuwa ya chini, na wewe ukala keki."

Akainuka. Nilidhani atanipiga, na nikasogeza mikono mbali na uso ili afike vizuri. Akanipita. Akachukua ufunguo msumarini, akatoka kwa mlango wa nyuma mpaka gereji, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua la kufanya.

"Iondoe kwenye stendi," akasema.

"Mechthild..."

"Iondoe."

Nikaishusha, nikaishikilia usukani na mkia. Akakunja sketi, akakanyaga kigingi cha mguu, akapanda. Hajawahi kuipanda maisha yake. Alikuwa na kimo kilekile cha mumewe. Walikuwa wakiazimana buti za bustani. Akakaa. Akanyoosha miguu chini. Ncha za viatu vyake zikagusa saruji, upande mmoja, kisha upande wa pili, kamwe si zote mbili. Akaangalia chini muda mrefu, kulia, kushoto.

"Shika vizuri," akasema.

"Nimeshika."

"Siku ile nani alimshikia?"

Nilikuwa na uzito wote ule mikononi, wake na wa pikipiki. Nyonga yangu ya zamani ikaanza kuniuma, na yeye hakushuka. Hakuwa analia. Aliweka viganja kwenye vishikio pale pale Ewald alipoweka vyake, akatazama mbele ukutani, kwenye reki na ngazi na misumari. Kama dakika tano hivi. Sijawahi kuezeka paa zito kama zile dakika tano.

Nje gari likapunguza mwendo, likazimwa. Mlango ukafungwa. Sauti ya mwanamke, changa, changamfu, ikaita: "Hodi! Ni hapa penye pikipiki?"

"Nishushe," Mechthild akasema.

Nikamshusha. Akaweka sketi sawa. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu jikoni, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mimi narudi ndani," akasema. "Wewe ndiye utakayemweleza. Asiambiwe kwamba imeshauzwa, asiambiwe kwamba imeharibika. Mweleze yote, na jinsi Ewald alivyokuwa. Ukimaliza, funga gereji, uache ufunguo kwenye sanduku la barua. Usigonge."

Mlango wa jikoni ukafungwa. Yule muuguzi akatokea kwenye kona ya nyumba, kofia ya pikipiki kwapani, uso umejaa furaha ya mtu aliyekwisha kujiona barabarani. Alikuwa mfupi kweli. Akaiona pikipiki, akakaza hatua.

"Usipande bado," nikamwambia. "Kwanza nisikilize."